Mkwe Wangu Mjamaika: Usiku wa Tisa, Biblia ya Patwa na Maswali Mengine ya Wasomaji

Katika toleo lililopita nilitaja kwa kupita tu kwamba mume wangu ni Mjamaika wa St Elizabeth, na kwamba tuliishi kwao miaka mingi kabla ya kuhamia Birmingham. Tangu hapo barua nyingi zinahusu Jamaika. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, hasa nyinyi wenye watoto Ulaya wanaooa na kuolewa huko.

Shikamoo mama. Mwanangu yuko Birmingham, amechumbia binti wa Kijamaika. Bibi yake binti alifariki, na mwanangu akaenda kwenye kitu wanachokiita "Nine Night", usiku wa tisa wa msiba. Alinitumia video. Wanaume wanapigapiga dhumna mezani, kuna ngoma, mtu anamwaga pombe chini, na kuna meza ya chakula ambayo hakuna anayeigusa. Mzee wetu wa kanisa ameiona, anasema ni matambiko na uchumba uvunjwe. Sisi ni Wamoravian tangu babu. Nifanyeje? — Mama wa bwana harusi, Tukuyu

Marahaba, mama, na poleni na msiba, maana ukishakubali uchumba, msiba wa upande wa pili ni wako pia. Nianze na jibu lenyewe ili usisome kwa wasiwasi: uchumba usivunjwe kwa ajili ya video hiyo. Mwanao alifanya vema kwenda. Mchumba ambaye haonekani kwenye msiba wa bibi, Wajamaika hawamsahau.

Nimekaa kwenye usiku wa tisa wa mama mkwe wangu, kwa hiyo naandika nilichokiona. Alifia nyumbani kwake St Elizabeth, kusini mwa kisiwa, kwenye udongo mwekundu wanakolima matikiti, vitunguu vya majani na muhogo. Jioni ile ile ua ulijaa. Nyumba yenye msiba wanaiita "ded yaad", ua wa wafu, na haingojewi kualikwa. Jirani mmoja alifika na gunia la mkaa begani, mwingine na mkungu wa ndizi. Wanawake walishika jiko bila kuniuliza chumvi iko wapi. Kila usiku watu walikuja, wakakaa, wakaimba, wakaondoka usiku wa manane, na kesho yake wakarudi. Kaburi lilichimbwa hapo hapo kwenye shamba la ukoo, ubavuni mwa la baba mkwe, na waliochimba ni wanaume wa ukoo na majirani. Wewe uliyezaliwa Tukuyu, ambako wazee wetu wamelala kando ya migomba ya nyumbani, hilo halihitaji maelezo. Hata hapa Birmingham, Wajamaika hawamwachii mchimba kaburi kazi ya kufukia. Wanaume huvua makoti na kupokezana makoleo mpaka udongo uishe, wanawake wakiimba, na wafanyakazi wa makaburi husubiri pembeni.

Sasa nyimbo. Sikiliza video hiyo tena bila kuitazama. Sehemu kubwa ya wanachoimba wanaita "Sankey", kwa jina la Ira Sankey, mwimbaji Mmarekani aliyezunguka na mhubiri Dwight Moody, na ambaye kitabu chake cha nyimbo kilianza kutoka mwaka 1873. Nyingi kati ya nyimbo hizo tunazo kwenye Tenzi za Rohoni. Utazitambua sauti hata kama wamezivuta mpaka ubeti mmoja unachukua dakika tatu. Mtu mmoja anatamka mstari kwa haraka, wote wanauimba polepole, kisha anatamka unaofuata. Wanaita "kutraki". Utaratibu huo ulifaa enzi ambazo kitabu kilikuwa kimoja na waliojua kusoma wachache, nao wameupenda hata baada ya kila mtu kuwa na kitabu. Mama mkwe wangu alikuwa mtrakaji. Alitamka mistari kama mtu anayeita watoto mlo uko tayari, na usiku wa tisa wake mwenyewe aliyeishika kazi hiyo alikuwa dada yake, sauti ikikatika kila baada ya ubeti.

Dhumna ni dhumna. Kibao kinapigwa mezani kwa kishindo kwa sababu ndivyo wanavyocheza hata siku ya kawaida, na kwenye msiba ni dawa ya usingizi. Samaki wa kukaanga na mkate wao mzito, supu ya mbuzi ya kichwa na utumbo, kahawa nyeusi: hivyo ni vyakula vya kukesha.

Meza isiyoguswa na pombe inayomwagwa ni jambo jingine, na sitakuficha. Imani ya zamani, iliyovuka bahari na watu waliotolewa Afrika Magharibi na Kongo, inasema kivuli cha marehemu, wanachokiita "dopi", huzunguka nyumba yake kwa siku tisa. Usiku wa tisa anawekewa chakula alichokipenda, hakiguswi mpaka saa sita ya usiku, anaimbiwa, anaagwa. Wengine hugeuza godoro na kupanga samani upya, ili akirudi asikitambue chumba. Na katika wilaya ya St Thomas, mashariki, kuna ngoma ya Kumina, ya watu wa Kongo walioletwa kufanya kazi kwa mkataba baada ya utumwa kukomeshwa. Wao bado wanamtaja Mungu kwa jina la Nzambi, na wasomaji wangu wa Kongo wanajua jina hilo limetoka wapi.

Wakristo wa Jamaika wenyewe hawako kitu kimoja juu ya hayo. Waadventista wengi na Wapentekoste wengi hawaweki meza wala hawaleti ramu. Wanafanya jioni ya nyimbo na ushuhuda. Wapo wanaoweka meza na Jumapili wako kwaya. Mama mkwe alituachia maagizo kabla hajafa: imbeni, kuleni, kitanda changu msikiguse, "mi a go a mi Faada yaad", ninakwenda uani kwa Baba yangu. Hata hivyo shemeji yangu alimwaga ramu kidogo mlangoni. Mchungaji alimwona. Hakusema neno, akaendelea na Zaburi ya 90, na mimi namheshimu kwa hilo, kwa sababu mtu aliyefiwa na mama juzi tu hapewi somo la katekisimu.

Kwa hiyo, mama, mwanao akae kwenye nyimbo na kwenye supu. Meza na ramu anaweza kuviacha kwa adabu, hakuna atakayemkasirikia. Kisha aulize binti, kwa upole, yeye mwenyewe anaamini nini juu ya bibi yake aliyelala. Jibu la binti ndilo la kupima. Mambo ya ua uliojaa ndugu na majirani hayasemi lolote juu ya moyo wake.

Na mzee wa kanisa mpe salamu zangu pamoja na habari hii. Wamoravian waliingia Jamaika mwaka 1754. Rungwe walifika 1891. Mwanakondoo mwenye bendera unayemwona kwenye kanisa lenu, nimemwona kwenye makanisa ya St Elizabeth na ya Manchester, wilaya jirani, na asubuhi ya Pasaka nilisimama nao makaburini kabla ya jua kutoka, kama nilivyosimama utotoni. Tena mwaka 1843, Wamoravian weusi kutoka Jamaika, pamoja na mmoja wa Antigua, walipanda meli na mmisionari Andreas Riis kwenda Akropong, katika Ghana ya leo, kuisaidia misheni ya Basel. Watu hao walikuwa wakiipeleka Injili Afrika karibu miaka hamsini kabla haijafika Rungwe kwetu. Ndaga fijo, asante sana, kwa barua yako.

Mama, habari za kazi. Mimi napenda reggae na nimesoma mambo ya Jamaika. Mjomba wangu anasema Mjamaika halisi ni Rasta, na Ukristo wa kule ni dini waliyoachiwa na mabwana wa watumwa. Ni kweli? — Kijana, Nairobi

Mwanangu, kuhusu Rasta nitakuwa mfupi. Katika sensa ya 2011, waliojiandikisha kuwa Rasta walikuwa karibu mtu mmoja katika kila mia. Waadventista peke yao walikuwa kumi na wawili katika mia, na makanisa ya Church of God, kwa aina zake zote, zaidi ya robo ya watu. Nawaheshimu Rasta. Jirani yetu mmoja alikuwa Rasta, akilima nyanya na kusoma sura ya Biblia kila asubuhi, na ndiye aliyenisaidia gari lilipokwama kwenye mvua. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, ambaye Rasta wanamtukuza kama Mungu, alipotua Kingston tarehe 21 Aprili 1966, umati uliojaa uwanjani ulikuwa mkubwa kiasi kwamba alikawia kushuka kwenye ndege, na wazee bado wanasimulia. Lakini kumbuka pia kwamba Bob Marley mwenyewe alibatizwa katika Kanisa la Othodoksi la Ethiopia mwezi Novemba 1980, miezi michache kabla ya kufa.

Hilo la mabwana linanigusa zaidi, na mjomba wako ana nusu ya ukweli. Hao hao Wamoravian wangu wa 1754 waliitwa na wenye mashamba waliokuwa wakiishi Uingereza, na misheni yao ya Old Carmel ilimiliki watumwa. Naliandika hilo kwa uchungu kwa sababu ni kanisa langu. Na mwaka 1807 ilichapwa London Biblia maalumu ya watumwa wa visiwa vile, iliyokatwa karibu habari yote ya Waisraeli kutoka Misri. Aliyekata alijua anachokiogopa.

Sasa sikia nusu ya pili. Mwaka 1783 alifika Kingston mtu mweusi aitwaye George Liele, aliyezaliwa utumwani Virginia na kuachwa huru Georgia. Alianza kuhubiri kwa watumwa na maskini wa mji, akabatiza, akaanzisha kanisa la Wabaptisti. Mmisionari wa kwanza wa Kibaptisti kutoka Uingereza alifika mwaka 1814, akakuta kazi imeshaenea mashambani kwa midomo ya watu weusi. Hiyo ni miaka thelathini ambayo neno lilipita kutoka kibanda hadi kibanda, usiku, kwa lugha yao.

Kutoka humo alitoka Sam Sharpe. Alikuwa mtumwa, shemasi wa Wabaptisti Montego Bay, anajua kusoma. Alisoma magazetini kwamba huko Uingereza wanabishana juu ya kukomesha utumwa, akasoma katika Mathayo kwamba hakuna awezaye kutumikia mabwana wawili, naye akaliunganisha hili na lile. Baada ya vipindi vya maombi alibaki na watu wachache, wakala kiapo juu ya Biblia: Krismasi ikipita, hatufanyi kazi tena bila ujira. Ulikuwa mpango wa mgomo. Lakini usiku wa tarehe 27 Desemba 1831 moto uliwaka katika shamba la Kensington juu ya kilima, ukaonekana mbali, na mashamba mengine yakafuata. Weupe waliokufa walikuwa kumi na wanne. Watumwa walionyongwa au kupigwa risasi kwa hukumu za baada ya vita walizidi 300. Sharpe alinyongwa sokoni Montego Bay tarehe 23 Mei 1832. Alimwambia mmisionari aliyemtembelea gerezani kwamba afadhali afe kwenye mti ule kuliko kuishi katika utumwa. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukomesha utumwa. Wajamaika wakaviita vita vile Vita vya Wabaptisti, na weupe walilipiza kisasi kwa kuchoma makanisa, maana hawakuwa na shaka moto ulitokea wapi. Mifupa ya Sharpe baadaye ilizikwa chini ya mimbari ya kanisa la Burchell, Montego Bay.

Uhuru kamili ulikuja usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 1838. Falmouth, kwa mchungaji William Knibb, watu walijaa kanisani wakingoja saa sita, kisha wakazika jeneza lenye minyororo, mjeledi na kola ya chuma. Na mwaka 1865, aliyewaongoza maskini wa St Thomas kwenda Morant Bay kudai haki alikuwa shemasi mwingine wa Kibaptisti, Paul Bogle, naye akanyongwa. Leo Sharpe na Bogle wote wawili ni Mashujaa wa Taifa. Mwulize mjomba ni bwana gani aliyewaachia dini hiyo.

Mama, mchumba wa kijana wetu alikuja kututembelea London saa moja usiku. Aliingia, akasema "good night" kwa sauti, akakaa. Mke wangu alidhani anaaga kwa dharau. Wajamaika wana heshima kweli? — Baba mwenye nyumba, London

Ndugu yangu, alikuwa anakuamkia. Jamaika, jua likishazama, ukiingia mahali unasema "good night", na ukitoka unasema maneno mengine: "walk good", nenda salama, au "likkle more", tutaonana. Binti alifanya hasa alichofundishwa tangu akiwa mdogo.

Wana heshima kali. Mtoto akipita mbele ya watu wazima bila kusalimu, habari inafika nyumbani kabla yake. Ukiingia dukani, zahanati, kwenye basi dogo la kijijini, unawasalimu wote kwa pamoja, nao wanaitika kwa pamoja. Mimi nilipata sifa za bure kijijini kwa sababu tu nilikuja na tabia ya kwetu ya kusalimu kila mtu. Wana methali, "Howdy and tenky no bruk no square", kwamba salamu na asante hazijawahi kumdhuru mtu. Mkubwa haitwi kwa jina tupu. Mama wa mtaani ni "Miss" na jina lake, mzee wa kiume ni "Maas", wa kanisani ni "Sista" au "Bredda", na mwanamke yeyote wa umri wa mama yake anaweza kuwa "Auntie". Kwa hiyo mke wako akiitwa Auntie, ameheshimiwa. Mfundisheni shikamoo taratibu. Ataipenda, kwa sababu anatoka kwa watu ambao neno hilo lina mahali pake pa kukaa.

Mtasikia pia Mungu akitajwa katika kila kitu. Huwezi kupanga kesho na Mjamaika mzee bila "if life spare", uhai ukibakizwa. Mume wangu, ambaye kanisani lazima nimsukume, hawezi kusema "nitakuja Jumanne" bila kuiongezea hiyo.

Tumsifu Yesu Kristo, mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili, Mbozi. Tunajaribu kuweka masomo ya Injili katika lugha yetu ya nyumbani, lakini vijana wanacheka na wazee wengine wanasema neno la Mungu linashuka hadhi. Nimesikia Wajamaika wana Biblia ya lugha ya mtaani. Iliwasaidia au iliwachekesha? — Mwalimu

Milele na milele, mwalimu. Ilifanya yote mawili, na kwa mtu yule yule.

Kwanza, patwa ni lugha ya nyumbani kwa karibu kila Mjamaika. Maneno yake mengi yametoka kwenye Kiingereza, lakini mifupa na mwendo wake si vya Kiingereza, na ndani yake mna maneno ya Kiakan na ya Kiigbo. Shuleni watoto walichapwa kwa kuisema. Kanisani, Biblia ilikuwa ile ya Kiingereza cha zamani, ya Mfalme James. Aliyewafanya watu waisikie patwa bila aibu ni Louise Bennett, Miss Lou, aliyezaliwa Kingston mwaka 1919. Mashairi yake yalitoka magazetini, sauti yake ikawa redioni, na kuanzia mwaka 1970 alikuwa na kipindi cha watoto kwenye televisheni kila Jumamosi. Hoja yake ilikuwa rahisi na haijajibiwa mpaka leo: Kiingereza chenyewe kimekopa Kilatini, Kifaransa na lugha nyingine kikaitwa lugha. Kwa nini patwa ikikopa iitwe uharibifu?

Chama cha Biblia cha West Indies kilitoa Injili ya Luka kwa patwa mwaka 2010, na Agano Jipya zima mwaka 2012, mwaka ambao Jamaika ilitimiza miaka hamsini ya uhuru. Walitafsiri wakiangalia Kigiriki, na wakatumia tahajia ya wataalamu wa lugha, ambayo inaandika neno kama linavyotamkwa. Sala ya Bwana inaanza, "Wi Faada we iina evn". Kelele zilikuwa kubwa. Wapo viongozi na wachungaji walioipinga hadharani, wakisema watoto wafundishwe Kiingereza safi kwanza, na wengine wakasema mtu aliyezoea Mfalme James hataweza kusoma tahajia ile. Hilo la tahajia lina ukweli. Mume wangu, mwenye patwa ya kuzaliwa, alijikwaa ukurasa wa kwanza kama mtoto wa darasa la pili.

Lakini Luka ilikuwa na sauti pia. Mama mkwe alikuwa msomaji wa kanisani. Jumapili alisimama na gauni jeupe lililopigwa wanga, akasoma Mfalme James kwa Kiingereza cha juu ambacho hakukitumia mahali pengine popote. Jumatatu alfajiri, akikuna muhogo wa kutengenezea bami, mikate yao ya muhogo, aliomba kwa patwa, kwa sauti, akimtajia Mungu deni la duka, goti linalouma na jina la kila mjukuu aliye ng'ambo. Tulipomwekea sauti ya Luka mara ya kwanza hakufurahi. Alisema Bwana hawezi kusema kama yeye. Tukaiacha ikiendelea. Ilipofika kwa Martha, anayelalamika kwamba ameachiwa kazi peke yake na dada yake amekaa tu, mama alicheka mpaka akaweka chini kisu, kwa sababu Martha alisikika hasa kama shangazi yetu wa Santa Cruz. Kisha akanyamaza. Kilichofuata ni maneno ya Bwana kwa Martha, na akataka yarudiwe. Wiki hiyo alisikiliza Luka yote, akiwaita majirani kwa zile sehemu alizozipenda.

Hakuacha Mfalme James. Mpaka alipokufa alisoma hicho kanisani, na alitaka kisomwe makaburini, nacho kikasomwa. Vyote viwili vilikuwa vyake.

Kwa kazi yenu Mbozi, ningeanza na sikio. Msichape kwanza. Rekodini kwenye simu, na msomaji awe mama mtu mzima mwenye lugha nzuri ya nyumbani, mwanamke ambaye vijana hawathubutu kumcheka. Anzeni na Luka, kwa sababu ina watu wengi wa jikoni, shambani na safarini. Tahajia mkubaliane mapema na muiandike kwenye karatasi moja, mkichelewa mtagombana juu ya herufi badala ya kufundisha. Na kicheko cha vijana msikiogope. Mtoto akicheka, amelisikia neno na limemgusa mahali. Mpe dakika mbili, kisha umuulize alichosikia. Mimi nilijifunza kuomba kwa Kinyakyusa kwenye mgongo wa bibi kabla sijajua Kiswahili, na nikiugua mpaka leo naomba kwa hicho.

Mama, jirani yangu Mjamaika ameniletea mkate mweusi mtamu wenye zabibu na kipande kikubwa cha jibini, wiki ya Pasaka. Unaliwaje? Tena ameniambia nivunje yai kwenye glasi Ijumaa Kuu nitazame. Ni mzaha? — Dada, Leicester

Mkate huo wanauita "bun". Kata vipande viwili, weka jibini katikati, kula na chai. Unatokana na mkate wa msalaba wa Waingereza wa Ijumaa Kuu, ila Wajamaika wameutia sukari nguru na viungo mpaka ukawa mwingine, na jibini yenyewe ni ile ya kopo yenye rangi ya machungwa. Ijumaa Kuu nyama haipikwi, ni samaki. Kesho yake mpelekee chochote cha kwako. Sahani haifai kurudi tupu, kwao na kwetu.

Yai si mzaha. Ni desturi ya wazee: ute wa yai unatiwa kwenye glasi ya maji kabla ya jua la Ijumaa Kuu, jua linaupasha, unapanda na kujichora. Ukifanana na meli, utasafiri. Ukifanana na jeneza, wanakaa kimya. Mama mkwe aliikataza nyumbani mwake, akisema siku ile ina habari moja tu ya kutazamwa. Watoto walikwenda kuifanya kwa jirani. Kunywa chai yako, kula bun, yai likaange.

Mama, keki ya harusi ya Kijamaika ina pombe. Wazee wetu wa kanisa watakula? — Kamati ya harusi, Reading

Keki yao nyeusi ni matunda makavu yaliyolowekwa kwenye mvinyo mwekundu na ramu kwa wiki nyingi, wengine hata mwaka, na baada ya kuiva inamwagiwa tena. Kwa hiyo ndiyo, ina pombe, na itanukia pombe meza nzima. Msiwadanganye wazee. Nimekula kwa Waadventista keki ya aina hiyo hiyo iliyolowekwa kwa juisi ya zabibu, yenye mdalasini, kungumanga na maganda ya chungwa, nzuri kabisa. Ongeeni na mama wa bibi harusi mapema, angalau miezi miwili kabla, kwa sababu matunda yake huenda tayari yamo kwenye chupa. Ombeni afanye mbili: yake ya asili, na ndogo ya juisi, kila moja na kibandiko chake. Mwombeni yeye mwenyewe aikate ile ya wazee na kuwapelekea mezani. Atakubali kwa furaha, na wazee watapata nafasi ya kumfahamu.

Maswali ya toleo lijalo yanifikie kabla ya tarehe 15. Yale ya mahari ya pande mbili nimeyaona, ni mengi, na nitayajibu kwa pamoja.